Mkweche na Pesa Kidogo: Pa Kuanzia, Pa Kusubiri na Pa Kukata Tamaa

Maswali yenu yanakuja kwa sura tofauti lakini ni swali moja. Mmoja amerithi Corolla ya baba yake iliyokaa juu ya mawe tangu msiba. Mwingine kanunua Carina ya namba A kwa bei ya bodaboda, na sasa gereji wanamjua kwa jina. Wa tatu ana mafundi wawili: mmoja anamwambia ashushe injini, mwenzake anasema ni plagi tu. Wote wana gari la zamani lililotelekezwa, na wote hawana pesa ya kulimaliza kwa mkupuo.

Pesa kidogo inatosha kulifufua gari la namna hii ikitumika kwa mpangilio. Isipopangwa, hata ikiwa nyingi itaisha, na gari litabaki pale pale likiwa na rangi mpya na redio kubwa. Mpangilio ninaoupendekeza una hatua nne, na hairuhusiwi kuruka hata moja:

1. Lisimame ukikanyaga breki.
2. Lisichemshe wala lisikose oili.
3. Liwake kila asubuhi.
4. Ndipo lipendeze.

Nazungumzia magari ya Kijapani yaliyojaa mitaani kwetu: Corolla 110, Starlet, Carina Ti, Mark II, Nissan Sunny, na sasa hata Vitz na IST za mwanzo ambazo nazo zimezeeka. Spea zake zimejaa Gerezani, Dar es Salaam, kama zilivyojaa Kirinyaga Road, Nairobi, na karibu kila fundi ameshayafungua. Kama gari lako ni la aina adimu, ruka moja kwa moja hadi sehemu ya "Pa kukata tamaa" kabla hujatoa hata shilingi.

## Anza na karatasi, spana baadaye

Kutengeneza gari ambalo kisheria si lako ni kumtengenezea mtu mwingine. Kabla ya kumwita fundi, hakikisha haya:

- Kadi. Namba ya chasisi na ya injini zilizo kwenye kadi zifanane na zilizo kwenye gari. Kama injini iliwahi kubadilishwa bila kuandikishwa Mamlaka ya Mapato (TRA), shughulikia sasa, usisubiri siku ya kuuza.
- Mirathi. Gari la marehemu halihamishwi jina kwa makubaliano ya kifamilia sebuleni. Linahitaji msimamizi wa mirathi aliyeteuliwa na mahakama. Mkikubaliana leo bila karatasi, mwakani gari likishawaka na kung'aa, kila ndugu atakumbuka kwamba lilikuwa la wote.
- Faini. Faini za barabarani hufuata namba ya gari. Ingiza namba ya usajili kwenye mfumo wa Polisi uone deni. Kwa 30,000 kila kosa, gari lililopita mikononi mwa dereva mkorofi linaweza kukudai zaidi ya bei ya seti ya breki.

## Pima kabla ya kununua chochote

Kosa linalokula pesa kuliko yote ni kubadilisha spea kwa kubahatisha. Nunua daftari, lile la shule linatosha, uandike kila unachokiona. Kagua asubuhi, injini ikiwa baridi kabisa.

Oili. Chomoa kijiti cha kupimia. Oili nyeusi ni ya kawaida kwa gari lililotelekezwa. Ikiwa na rangi ya chai ya maziwa, maji yameingia kwenye oili. Hapo usiwashe tena, kwa sababu unashuku gasketi ya silinda hedi.

Maji. Fungua kifuniko cha rejeta, injini ikiwa baridi tu. Utando wa oili juu ya maji, au mapovu yasiyokoma injini ikiwaka, ni dalili ile ile ya gasketi. Maji ya rangi ya kutu yanakuambia gari limenyweshwa maji ya bomba kwa miaka.

Moshi. Mweupe kidogo asubuhi ya baridi, ukaisha baada ya dakika chache, si tatizo. Mweupe mzito usioisha ni maji yanayoungua ndani ya silinda. Wa bluu ni oili. Mweusi ni petroli nyingi kupita kiasi.

Taa za dashibodi. Funguo ikiwa ON kabla ya kuwasha, taa ya injini lazima iwake, kisha izime gari likiwaka. Isipowaka kabisa, yupo aliyeng'oa balbu au kuibandika plasta ili muuzaji apate mteja.

Magurudumu. Inua gari upande mmoja, lishike gurudumu juu na chini, litikise. Likicheza, shuku beringi au boljointi. Lishike kushoto na kulia, litikise tena. Likicheza hivyo, shuku tairodi.

Breki. Injini ikiwa imezimwa, kanyaga pedali mara kadhaa hadi iwe ngumu, iendelee kukanyagwa, kisha washa. Pedali ikishuka kidogo, basta inafanya kazi. Sasa ishikilie dakika nzima. Ikizama polepole hadi chini, kuna panapovuja au masta silinda imechoka.

### Kipimo cha bure ambacho wengi hawakijui

Toyota nyingi za miaka ya 1990 zina kisanduku kidogo cheusi chini ya boneti, chenye matundu ambayo majina yake yameandikwa ndani ya kifuniko. Ukiunganisha tundu la TE1 na la E1 kwa kipande cha waya, kisha ukaweka funguo ON bila kuwasha, taa ya injini itakonyeza. Ikikonyeza mfululizo kwa mapigo yaliyo sawa, kompyuta haina kosa ililolihifadhi. Ikikonyeza kwa mafungu, hesabu: mawili, kituo, mawili ni 22, yaani sensa ya joto la maji, 21 ni sensa ya oksijeni, 31 ni ya hewa inayoingia, 41 ni ya mkao wa throto.

Onyo: tundu lisilo sahihi linaweza kuunguza fyuzi au kompyuta yenyewe. Kama macho yako hayasomi maandishi madogo vizuri, mwombe fundi umeme akufanyie ukiwa umesimama pembeni. Hii ni kazi ya dakika tano, isikutoze bei ya kipimo cha mashine.

## Gari lililolala: usikimbilie kulipiga stata

Furaha ya kusikia kama litawaka imeua injini nyingi zilizokuwa nzima. Gari lililokaa mwaka au zaidi lifufuliwe kwa utaratibu huu, kabla ya vile vipimo vya juu vinavyohitaji injini kuwaka:

1. Fungua boneti utafute panya. Wanakula waya na kujenga viota juu ya injini na ndani ya filta ya hewa.
2. Mwaga petroli ya zamani. Ikinuka kama rangi ya mafuta, imeharibika. Ukiisukuma kwenye injini utaziba nozeli, kisha utalipia kuzisafisha.
3. Badilisha oili na filta yake kabla ya kuwasha.
4. Fungua plagi, tia oili kidogo sana kwenye kila tundu la silinda, acha usiku mzima.
5. Zungusha injini kwa mkono, kwa spana kwenye puli ya mbele, mizunguko miwili kamili. Ikigoma, usilazimishe. Ongeza oili, subiri siku nyingine.
6. Weka betri iliyochajiwa, piga stata plagi zikiwa bado nje mpaka taa ya oili izime. Hapo ndipo urudishe plagi na kuwasha.
7. Usiliondoe mahali lilipo kabla ya kukagua breki. Pedi hushika kutu kwenye diski, na mipira ya ndani hukauka.

Mnaosema utaratibu huu unachosha, linganisheni na gharama ya kutafuta injini nyingine.

## Fungu la kwanza: lisimame

Hapa usitafute cha bei ya chini kabisa. Tafuta cha uhakika.

- Pedi za mbele na breki shuu za nyuma. Pedi ikibaki milimita 3, ibadilishe. Badilisha kulia na kushoto pamoja, la sivyo gari litavuta upande.
- Mafuta ya breki. Yanafyonza unyevunyevu wa hewa, ndiyo maana hubadilishwa kila baada ya miaka 2 hivi hata kama hayajapungua. Kwenye gari la kutelekezwa, mwaga yote. Kamwe usiongezee oili ya injini wala hidroliki. Mipira ya ndani itavimba na utanunua mfumo mzima.
- Tairi. Soma tarakimu nne za mwisho kwenye maandishi ya DOT. 2319 maana yake ni wiki ya 23 ya mwaka 2019. Tairi yenye umri wa miaka 10 ni ya kutupa hata kama kashata zake bado ndefu, na iliyopasukapasuka ubavuni haina mjadala.
- Upepo. Kibandiko kilicho kwenye fremu ya mlango wa dereva kinakupa kiwango sahihi, mara nyingi kwa kPa. 220 kPa ni sawa na psi 32 za kwenye mashine ya kituo cha mafuta.
- Boljointi na tairodi. Mlio wa kugonga kwenye mashimo unaweza kuwa bushi au stabiliza linki tu, ambazo zinaweza kusubiri. Boljointi haisubiri. Ikichomoka, gurudumu linalala na gari linaenda linakotaka.
- Taa, waipa, honi. Ni rahisi, zinakulinda, na zinakupunguzia mazungumzo na trafiki.

Msomaji atauliza: "Kwa nini nitengeneze breki za gari ambalo sijui kama injini yake ni nzima?" Swali zuri. Ndiyo maana upimaji umetangulia. Kama upimaji umeonyesha injini inafaa, breki zinafuata mara moja. Gari linalowaka bila breki lina hatari kuliko lile lililo juu ya mawe, kwa sababu litakushawishi uliendeshe.

## Fungu la pili: lisichemshe, lisikose oili

Injini nyingi za mikweche hazifi kwa uzee. Zinafia njiani baada ya kuchemka mara moja, kwa sababu silinda hedi za aluminiamu hupinda kwa joto.

Mfumo wa maji. Fuata mpangilio wa gharama, kuanzia chini kwenda juu:

1. Kifuniko cha rejeta. Spring ikichoka, shinikizo linashuka na maji yanachemka mapema. Ni spea ndogo ambayo watu huisahau na kubadilisha rejeta nzima.
2. Mipira ya rejeta. Iminye. Ikiwa laini mno, imevimba au ina nyufa, ondoa.
3. Feni. Acha gari likiwa limesimama na kuwaka mpaka geji ifike kati. Feni lazima ijiwashe.
4. Kusafisha rejeta na kujaza kulanti iliyochanganywa na maji safi. Kulanti inazuia kutu, kwa hiyo inatuhusu hata sisi tusio na barafu.
5. Pampu ya maji, ikivuja au ikilia.

Na sasa ugomvi wangu wa siku zote na mafundi wa mtaani: usikubali thamostati iondolewe. Utaambiwa "huku kwetu joto, haina kazi". Kazi yake ni kuifikisha injini kwenye joto lake na kuiweka hapo. Kwenye Toyota nyingi inafunguka karibu nyuzi 82. Ukiitoa, kompyuta inadhani injini bado ni baridi, inaendelea kumwaga petroli zaidi, na wewe unalalamika kwamba gari linakunywa. Rejeta iliyoziba bado imeziba, na ukianza kupanda mlima wa Kitonga utachemsha vile vile.

Gari likichemka njiani, egesha, zima, subiri angalau nusu saa. Usifungue kifuniko. Usimwage maji baridi juu ya injini yenye moto.

Oili. Injini ndogo nyingi za Toyota zinachukua kati ya lita 3 na 4. Badilisha kila kilomita 5,000. Ikiwa ndani ya kifuniko cha oili kuna tope jeusi, usinunue dawa kali za kuosha injini. Tope litabanduka kwa mkupuo na kuziba njia za oili. Weka oili ya kawaida na filta mpya, endesha kilomita 1,000, mwaga, weka nyingine. Oili nzito ya 20W-50 inavumilika kwenye injini ya zamani iliyochoka, lakini injini za VVT-i zinahitaji oili nyepesi zaidi. Fuata kiwango kilichoandikwa kwenye kitabu cha gari.

Taimingi belti. Injini za 4A, 5A na 7A zina mkanda, na kiwango cha kuubadilisha ni kilomita 100,000. Za NZ kwenye Vitz na IST zina cheni. Kwa kuwa hujui historia ya gari, na kilomita za dashibodi zinaweza kuwa zimerudishwa nyuma, hesabu kwamba mkanda haujawahi kuguswa. Ukikatika, injini inazima papo hapo ukiwa barabarani, na kwenye aina nyingine za injini valvu hupinda. Ukifungua, badilisha pamoja na oili sili zilizo nyuma yake na puli ya kukazia, maana ufundi unaulipia mara moja.

## Fungu la tatu: liwake kila asubuhi

Nunua multimita ya bei nafuu. Itakuokolea betri ambayo haikuwa mbovu.

- Gari likiwa limelala usiku kucha, betri nzima husoma karibu volti 12.6. Ikikaribia 12, haina chaji.
- Injini ikiwaka, ipimwe tena. Kati ya 13.8 na 14.5, altaneta inachaji. Ikibaki pale pale kwenye 12, tatizo ni altaneta au mkanda wake, na betri mpya nayo itakufa.
- Kabla ya kulaumu chochote, safisha vichwa vya betri na waya wa athi. Kutu hapo inaiga ugonjwa wa stata, wa betri na wa altaneta kwa pamoja.

Baada ya umeme: plagi, filta ya hewa, filta ya petroli, kusafisha throto. Gari likiwa linamisi, badilisha kitu kimoja kwa wakati mmoja na uandike matokeo. Ukibadilisha vinne kwa pamoja, gari likipona hutajua kilichokuwa kibovu, na likirudi kuugua utaanza upya.

Giaboksi ya automatiki ipime injini ikiwa ya moto, inawaka, gia ikiwa P. Aina ya hidroliki mara nyingi imeandikwa kwenye kijiti chenyewe, kwa mfano T-IV au Dexron. Usichanganye. Ikiwa nyeusi na inanuka kuungua, usikubali kuoshwa kwa mashine yenye presha. Mwaga kiasi kinachotoka kwenye nati ya chini, jaza kiasi hicho hicho, endesha wiki chache, rudia.

## Fungu la nne: lipendeze

Rangi, AC, viti, redio, rimu: vyote baadaye. Isipokuwa viwili.

Kwanza ni kutu. Kwa wanaoishi pwani, chumvi inakula sakafu na matao ya magurudumu kimyakimya. Osha chini ya gari, kwangua kutu, paka rangi ya kuzuia hata kama rangi haifanani. Pili ni mpira wa milango na kioo kinachovujisha maji, kwa sababu maji yakifika kwenye waya chini ya zulia, gharama itahamia fungu la tatu.

## Spea: ipi mtumba, ipi mpya

Nunua mtumba bila wasiwasi: milango, taa, vioo, bampa, altaneta, stata, mota ya feni, hata giaboksi au injini nzima ikija na dhamana ya kujaribu.

Usinunue mtumba kamwe: pedi, mipira ya breki, taimingi belti, mipira ya rejeta, thamostati, oili sili, filta, plagi.

Ukienda dukani:

- Beba spea ya zamani kama sampuli, pamoja na picha ya kibati cha chini ya boneti chenye namba ya fremu na aina ya injini. Corolla mbili zinazofanana kwa sura zinaweza kuwa na pedi tofauti.
- Ulizia maduka matatu kabla ya kulipa, na uliza bei za madaraja yote: orijino, mbadala wa kiwandani, na ile ya chini. Bei ya orijino ikikaribia ya feki, hiyo si orijino.
- Dai risiti yenye makubaliano ya kurudisha. Spea ya umeme ikishafungwa, wengi hawairudishi.

## Kuishi vizuri na fundi

Fundi mzuri ni mali kuliko gari lenyewe, na wapo wengi. Lakini usimpe hata mzuri nafasi ya kushawishika.

- Mwache akutajie spea, ukanunue mwenyewe au mwende wote. Cha juu kinawekwa dukani zaidi kuliko kwenye ufundi.
- Patana bei ya ufundi kwa kazi nzima, iandikwe, kabla nati haijalegezwa.
- Lipa kiasi mwanzo, kilichobaki baada ya kuliendesha na kuliridhia.
- Dai kila spea iliyotolewa. Iliyotolewa ndiyo ushahidi kwamba mpya imefungwa.
- Kabla ya kuacha gari, piga picha betri, tairi ya akiba, jeki, redio na mfumo wa eksozi. Masega ya eksozi yana soko kubwa, na gari likilala gereji wiki mbili yanaweza kuondoka bila wewe kujua.
- Akisema "tushushe injini", muulize amepima nini. Upimaji wa kompresheni wa silinda zote unatoa namba. Bila namba, hiyo ni dhana yake tu.

## Makosa yanayorudiwa kila siku

1. Waya au karatasi ya sigara badala ya fyuzi. Fyuzi imeungua kwa sababu kuna hitilafu. Ukiweka waya, kitakachoungua sasa ni gari.
2. Kuunganisha feni moja kwa moja kwenye swichi. Siku utakayosahau kuiwasha ndiyo siku utakayoua gasketi.
3. Kuingia chini ya gari lililoinuliwa kwa jeki peke yake. Jeki inashuka, tofali linapasuka. Tumia stendi za chuma au gogo zito, na zuia magurudumu.
4. Kuwasha injini ndani ya banda lililofungwa. Gesi inayoua iliyo ndani ya moshi haina harufu ya kukuonya.
5. Kumwaga oili chafu mtaroni. Ikusanye kwenye dumu. Gereji wanaichukua.
6. Kuendelea kuendesha taa nyekundu ya oili ikiwaka. Zima hapo hapo, hata kama unabakiza nyumba mbili ufike.
7. Kukopa kwa ajili ya rangi. Mkopo unabaki, rangi inachunwa na bajaji.

## Pa kukata tamaa

Hii ndiyo sehemu ambayo hamtaki kuisikia. Achana na gari, uza vipande au liuze kama lilivyo, ukikuta mojawapo ya haya:

- Kutu imetoboa mahali sehemu za sispensheni zinaposhika kwenye bodi, au chasisi imepinda kwa ajali.
- Gari lilizama kwenye mafuriko na maji yakafika dashibodi. Waya zitakusumbua miaka yote.
- Injini na giaboksi vimekufa pamoja.
- Spea zake haziko sokoni, na kila kitu lazima kiagizwe nje.
- Karatasi hazieleweki na mwenye kadi hapatikani.

Kwa yaliyobaki, fanya hesabu hii: jumlisha gharama za mafungu matatu ya kwanza, ongeza robo kwa ajili ya yasiyotarajiwa, kwa sababu yatatokea. Linganisha na bei ya gari kama hilo hilo lililo zima mtaani kwako. Ukizidi nusu ya bei hiyo, fikiri mara mbili. Ukiikaribia bei yenyewe, usifikiri tena.

## Wanaobisha wanasema

"Si bora niuze ninunue lenye nafuu?" Labda. Lakini gari utakalolipata kwa pesa hiyo litakuwa mkweche mwingine, wenye siri ambazo huzijui. Wa kwako umeshaupima.

"Pesa yote ya fungu la kwanza sina." Basi gari lisubiri. Nunua pedi mwezi huu, tairi mbili mwezi ujao. Spea haziozi kwenye kabati, na gari lililokaa likisubiri breki halimgongi mtu.

"Niweke injini ya mtumba badala ya kufungua hii?" Kwa Toyota za kawaida, mara nyingi ndiyo nafuu kuliko kufungua injini na kuifunga upya kwa spea za wasiwasi. Sharti ni moja: isikie ikiwaka, au pata dhamana ya maandishi. Kisha badilisha mkanda na oili sili zake kabla haijafungwa, na peleka namba mpya TRA.

"Mimi si fundi, nitafanya nini mwenyewe?" Kubadilisha oili, filta ya hewa, plagi, balbu, kusafisha vichwa vya betri, kupima maji na upepo. Hayo yanajifunzwa kwa wiki moja. Breki, usukani na taimingi mwachie fundi, wewe usimamie.

## Ya kufanya Jumamosi hii

1. Nunua daftari. Ukurasa wa kwanza: namba ya chasisi, aina ya injini, kilomita zilizopo.
2. Kabla ya saa mbili asubuhi, injini ikiwa baridi, fanya upimaji wote niliouorodhesha, na uandike.
3. Gawa uliyoyakuta kwenye mafungu manne.
4. Nenda madukani na orodha ya fungu la kwanza tu. Andika bei, usinunue.
5. Rudi nyumbani, piga hesabu ya kukata tamaa.

Ikikubali, Jumatatu nunua pedi.